Risasi za bastola ya hewa: mmeuliza, tumejibu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinalaumu risasi. Baadhi zina haki. Kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: tunazungumzia bastola ya hewa ya mashindano, ya milimita 4.5, inayopigwa kwa mkono mmoja ukiwa umesimama, karatasi ikiwa mita 10 mbele yako. Ni mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1988. Na kwa kuwa Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, hapa "risasi" ni ile inayopigwa. Yale mengine tutayaita madini ya risasi.

Yaya mhariri, jambo. Nimenunua kwa wauza dhahabu mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Nataka kupima risasi zote 500 za kopo na kuzitenga kwa uzito. Nitenge mafungu mangapi? — Msomaji, Kampemba

Usitenge hata moja, mdogo wetu. Risasi ya mashindano ina gramu 0.53, au 0.45 kwa ile nyepesi ambayo wengi hutumia kwenye bastola. Hatua moja ya mizani yako ni karibu asilimia 2 ya risasi nzima. Risasi za kopo zuri kwa kawaida hazipishani kiasi hicho, kwa hiyo utasoma 0.53, 0.53, 0.52, 0.53, na hiyo 0.52 huenda ni upepo wa dirishani tu. Anayetaka kupima kweli anahitaji mizani ya gramu 0.001 yenye kizuizi cha kioo pembeni, na bei yake inanunua makopo mengi.

Tena hebu tupige hesabu ya faida yenyewe. Risasi ikitoka kwa mita 150 kwa sekunde, mita 10 inazimaliza kwa sekunde 0.067, na katika muda huo inashuka milimita 22 hivi. Ikiwa nzito kwa asilimia 2, kasi yake inapungua kwa asilimia 1 au karibu na hapo, na inashuka zaidi kwa kiasi kisichofika nusu milimita. Duara la 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, na risasi ikigusa tu mstari inapewa 10. Maana yake kitovu cha risasi kinaweza kukosea milimita 8 upande wowote na alama isipotee. Sasa ile nusu milimita uliyoitafuta usiku kucha iko wapi?

Kinachoharibu pigo ni sketi, yaani ule ukingo mwembamba wa nyuma. Hewa inasukuma pale, na sketi ndiyo inayoziba mtutu. Ikipondeka, hewa inavuja upande mmoja na risasi inatoka ikiwa imeinama. Kwa hiyo acha mizani, chukua kipande cha kioo cha dirisha. Kiinamishe kidogo, juu kwa unene wa daftari moja, na uviringishe risasi moja moja. Kwa kuwa sketi ni pana kuliko kichwa, kila risasi nzima itakwenda kwa kupinda, na zote zitapinda njia ileile. Inayorukaruka au kukata njia yake yenyewe, iweke kwenye mazoezi ya kuanza. Kisha geuza zilizobaki, uangalie sketi chini ya taa: duara au yai? Kuna chembe ya madini iliyonata ndani? Kwa risasi 60 za shindano pamoja na 20 za kujaribia, kazi hiyo haizidi robo saa.

Kwenye makopo naona 4.49, 4.50, mengine 4.51. Muuzaji anasema 4.50 ndiyo sahihi kwa bastola zote. Ni kweli? — M., Katuba

Muuzaji amekuuzia alichonacho. Namba hiyo ni kipenyo cha kichwa cha risasi kwa milimita, na hakuna kipenyo kinachofaa bastola zote, kwa sababu mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda vichwa tofauti. Kichwa kikiwa chembamba mno, risasi inayumba ndani ya mtutu; kikiwa kinene mno, inaingia kwa nguvu na kidole chako kinaipondaponda sketi wakati wa kuisukuma. Njia ya kujua ni kujaribu, na kujaribu kuna utaratibu wake. Wengi hupiga risasi tano kwa mkono, wakaona tundu moja zuri, wakanunua makopo kumi. Hapo walichopima ni mkono wao wa siku hiyo.

Tafuta etau, yaani jiliwa, iliyofungwa kwa boliti kwenye meza nzito isiyotikisika. Ondoa mpini wa mbao wa bastola, na ubane fremu iliyo chini yake kati ya vipande viwili vya mbao laini vilivyovikwa ngozi. Kaza kwa kiasi, maana fremu nyingi ni za alumini. Usibane mtutu, kwani utaupinda. Usibane silinda kamwe: ndani yake kuna hewa ya bar 200. Vilengeo usiviguse. Kundi la matundu likiangukia kwenye 3 au kwenye 9 si kitu. Tunachotafuta ni ukubwa wake.

Chukua aina tatu. Zinazojulikana kwenye mashindano ni RWS na H&N za Ujerumani, JSB ya Ucheki, Qiang Yuan ya China. Ziwe zote za kichwa bapa, kwa sababu kichwa bapa hukata karatasi tundu safi la duara. Chenye ncha huchana karatasi na mwamuzi anakuwa na shida ya kusoma. Kila ukibadilisha aina, piga kwanza 20 bila kuhesabu, mpaka mtutu upate ngozi ya madini ya risasi mpya. Kisha piga makundi 5 ya risasi 10, kila kundi kwenye karatasi yake. Karatasi ya daftari inachanika na kukudanganya. Tumia karatasi ngumu ya faili la ofisi. Shinikizo la silinda likifika bar 100, jaza tena kabla ya kuendelea. Siku ya pili rudia yote ukianza na aina uliyomalizia jana. Jumla ni risasi 420, karibu kopo zima, na hiyo ndiyo bei ya kujua.

Kupima: kwa kalipa, ile mafundi wetu wanaiita pied à coulisse, shika kingo za nje za matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kisha toa 4.5. Ukisoma 9.5, kundi lako ni milimita 5. Bastola nzuri na risasi inayoipenda hukaa hapo au chini yake. Linganisha wastani wa makundi yote ya kila aina, si kundi zuri kuliko yote, maana kundi moja zuri hata kopo baya hulitoa. Aina mbili zikipishana kwa chini ya milimita 1 kwenye wastani, zihesabu sawa na ununue ya bei nafuu.

Ukishachagua, geuza kopo usome namba ya toleo. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu Katuba wala Kamalondo anayelitazama. Kiwanda kikibadilisha mashine au waya wa madini, jina kwenye kopo linabaki lilelile na risasi ya ndani inakuwa nyingine. Nunua makopo ya mashindano kwa toleo moja, yale uliyoyajaribu.

Bastola yangu inapiga chini kushoto tangu nifungue kopo jipya. Napiga kwa mkono wa kulia. — Msomaji, Bel-Air

Ifunge kwenye etau kama tulivyosema hapo juu. Kundi likiwa dogo na la duara, kopo halina kosa. Kwa mtu wa mkono wa kulia, chini kushoto mara nyingi ni kidole kinachokivuta kifyatulio kwa ghafla huku kiganja kizima kikikaza pamoja nacho. Piga mara 30 bila risasi ukiangalia kilengeo cha mbele tu, kwa kutumia swichi ya mazoezi makavu ikiwa bastola yako inayo. Utakiona kikiruka.

Tunataka kuagiza risasi za mwaka mzima kupitia ndugu anayekuja kutoka Ulaya. Makopo mangapi kwa mtu mmoja? — Klabu ya vijana, Kamalondo

Mtu anayefanya mazoezi siku 4 kwa juma, mapigo 80 kila siku, anamaliza 320 kwa juma. Kwa majuma 50 ni 16,000, yaani makopo 32 ya risasi 500. Risasi za gramu 0.53 zina gramu 265 kwa kopo, mbali na bati lenyewe, kwa hiyo ndugu yenu atabeba zaidi ya kilo 8.5 kwa kila mchezaji. Msimwambie "mzigo mdogo". Na wasichana wasihesabiwe pungufu: zamani wanawake walipiga 40 kwenye shindano, tangu 2018 ni 60 kama wanaume.

Gawanyeni hivi: makopo 6 ya toleo lililojaribiwa kwa mashindano na mazoezi ya mwisho, mengine yote ya daraja la mazoezi, yenye uzito uleule ili msigeuzegeuze vilengeo. Kabla ya kutuma pesa, ulizeni kwanza kwa wakubwa wa usalama wa mji na kwa forodha ni karatasi gani zinatakiwa kwa bastola na kwa risasi, na mpate jibu kwa maandishi. Ndege nazo zina masharti yake: bastola ya hewa inatangazwa kama silaha, na silinda inasafiri ikiwa tupu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Ruashi. Nina chupa ya oksijeni yenye bar za kutosha. Naweza kujazia silinda ya bastola?

Hapana. Usijaribu hata kidogo, hata mara moja.

Oksijeni safi yenye shinikizo kubwa ikikutana na grisi, mafuta au mpira wa kuzuia hewa, inaweza kuwaka yenyewe. Unapofungua valvu, gesi inayobanwa ghafla inapata joto, na joto hilo linatosha kuwasha tone la mafuta lililo ndani. Silinda inapasuka mkononi mwako. Wewe fundi unajua kwamba kidhibiti shinikizo cha chupa ya oksijeni hakipakwi mafuta. Sababu ni hiyohiyo, na ndani ya bastola mafuta yapo tangu kiwandani.

Kinachotakiwa ni hewa ya kawaida, safi na kavu. Kompresa ya kujazia matairi haifai, maana inaishia bar 8 au 10. Zinazofaa ni zile za kujazia chupa za kupumulia, kama zinazotumiwa na wazamiaji, wazima moto na vikosi vya uokoaji vya migodini. Ukiwa na rafiki mahali pa namna hiyo, omba ruhusa rasmi. La sivyo, ipo pampu ya mkono ya shinikizo kubwa, inayofika bar 200. Ina jasho. Piga mipigo 50, iache ipoe dakika 5, fungua skrubu ya kutolea maji, endelea. Wakati wa mvua utaona maji yanatoka kweli, na yakiingia kwenye silinda yanakula chuma kutoka ndani, mahali usipoona. Jaza polepole, na usivuke bar iliyoandikwa kwenye silinda. Silinda pia ina tarehe: nyingi za alumini viwanda vinaruhusu miaka 10. Anayekuuzia bastola ya mtumba, tazama tarehe hiyo kabla ya kutazama mtutu.

Ipo njia ya tatu, na kwa anayeanza Lubumbashi sisi tunaipenda kuliko zote: bastola ya kushindilia hewa mara moja kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kama Baikal IZH-46M. Haihitaji chupa wala pampu. Kasoro yake ni kwamba inakula hewa ya mahali ilipo. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa hapa ina shinikizo pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani. Risasi inatoka taratibu kidogo na kuangukia chini kidogo. Pandisha kilengeo cha nyuma hatua chache, basi. Wasomaji wa Goma na Bukavu, walio juu zaidi, watapandisha zaidi.

Kwa nini tusiyeyushe madini ya betri kuukuu tukatengeneza risasi zetu wenyewe? Franga zingebaki Katuba. — Vijana watatu

Kwa sababu risasi hii haimiminwi. Kiwandani hukata waya laini wa madini na kuugandamiza baridi ndani ya umbo la chuma, kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita. Madini yaliyoyeyushwa yakipoa yanasinyaa, yanabaki na viputo, na sketi nyembamba kama ile haitoki nzima. Madini ya betri yana pia antimoni, ni magumu, yanaumiza mtutu. Na moshi wake ni sumu. Franga zibaki, lakini mapafu nayo yabaki.

Risasi zangu zimepata unga mweupe. Nikizisugua kwa mafuta zitafaa? — Msomaji, Kampemba

Unga huo ni madini ya risasi yaliyoliwa na unyevu na jasho la vidole. Usizisugue, usipulize. Funga kopo kwa mkanda, utenge, ununue jingine. Kopo jipya liweke pamoja na kifuko kimoja cha kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na usiliweke kwenye sanduku la mbao mbichi, kwani mvuke wa mbao nao unayala madini hayo. Kile kipande cha sponji kilicho chini ya kifuniko usikitupe: kinazuia risasi 500 kugongana unapobebwa na pikipiki kwenye mashimo ya barabara. Kiangazi, adui ni vumbi jekundu. Risasi iliyokaa mfukoni inabeba mchanga hadi ndani ya mtutu. Kwa usafi wa mtutu wenyewe, vidonge vya pamba ngumu, viwili viwili, kila baada ya mapigo 500 au 1,000 vinatosha. Brashi ya chuma peleka kwenye bomba la pikipiki.

Binti yangu wa miaka 15 anafanya mazoezi kwenye gereji yetu, na wadogo zake wanacheza humohumo. Madini ya risasi yatawadhuru? — Mama, Golf

Mama, wasiwasi wako una msingi, hasa kwa wadogo. Madini haya yanadhuru akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo, na yanaingia kwa mdomo: vidole, vumbi, toi lililookotwa sakafuni. Binti asiweke risasi mdomoni hata kwa sekunde (wachezaji wengi wana tabia hiyo, wakibadilisha karatasi). Asile wala kunywa wakati wa mazoezi. Akimaliza anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, abadilishe nguo ya juu. Sakafu isifagiliwe kavu. Ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji ambacho hakirudi jikoni. Wadogo wasicheze hapo tena, na mama mjamzito asiwe yeye anayesafisha.

Nyuma ya karatasi weka sanduku la bati la milimita 3, lenye bamba la ndani lililoinama digrii 45 kuelekea chini, ili risasi igonge na kuangukia kwenye trei badala ya kurudi. Pazia la gunia mbele ya sanduku linashika vipande vidogo. Miwani ya kinga kwa kila aliye ndani, na mlango wowote unaofungukia kati ya mpigaji na karatasi ufungwe kwa ufunguo. Yanayojaa kwenye trei muyaweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Ukipata wa kuyanunua, hakikisha si fundi wa kumimina masufuria, maana sufuria yenye madini ya risasi inawalisha sumu watu wa nyumba nzima, kila siku, na hawaioni.

Kwenye mashindano waamuzi walikataa kifyatulio changu. Nitakipimaje nyumbani? — Mwalimu wa michezo, Katuba

Sheria inataka kisipungue gramu 500. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, funga kamba yenye ndoano ya waya butu, tia maji, na upime yote pamoja, kamba na waya vikiwemo, mpaka gramu 500 kamili. Hapa ndipo ile mizani ya Kampemba inapata kazi. Bastola iwe haina risasi, hewa iwepo, kifyatulio kimetegwa. Simamisha mtutu wima kuelekea juu, ndoano ikae katikati ya kifyatulio, kisha inua chupa polepole kutoka mezani. Ikining'inia bila bastola kufyatuka, umepita. Ikifyatuka, kaza skrubu ya uzito robo mzunguko na urudie. Weka kwenye 510 au 520, kwa sababu skrubu hulegea kwa mitikisiko ya safari, na waamuzi hupima kwa uzito wao, si kwa chupa yako.